Radi Ikishapiga: Tuulize Ilipitia Wapi

Maneno haya tuliyasema mbele ya wajumbe wa kamati za sharika, makatibu na watunza hazina katika semina ya siku moja iliyofanyika Malampaka, wilayani Maswa, mkoani Simiyu. Wajumbe kadhaa waliomba yaandikwe ili wale ambao hawakufika nao wayapate, pamoja na marafiki zetu wanaotuchangia kutoka mbali. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.

 

Tumepewa nusu saa kuzungumza juu ya radi na kompyuta. Tunajua baadhi yenu mmejiuliza kama jambo hili ni la kamati au ni la mafundi. Tunaomba mtuvumilie. Mwisho wa mazungumzo haya tunadhani mtakubali kwamba ni la kamati kwanza.

Ofisi nyingi za sharika zetu hazikuwa na umeme hapo zamani. Wakala wa Nishati Vijijini, ambao wengi tunauita REA, ulianza kazi mwaka 2007, na tangu hapo nguzo zimefika vijiji ambavyo wazee wetu hawakutegemea kuviona vikiwaka taa. Kompyuta nazo zikafuata, nyingine za kununua na nyingine za kupewa. Leo orodha za wakristo, hesabu za vikundi vya kuweka na kukopa, kumbukumbu za benki za nafaka na majina ya watoto wanaosomeshwa, vyote vimo ndani ya masanduku hayo.

Lakini sisi tunaishi katika bonde la Ziwa Victoria, na eneo hili ni miongoni mwa maeneo ya dunia yanayopata radi nyingi sana. Usiku ngurumo huwa ziwani, na mchana, hasa alasiri, huwa huku nchi kavu. Hatuna haja ya kuambiwa na wataalamu hatari yake. Mwezi Januari mwaka 2025 wanafunzi 7 wa Shule ya Sekondari Businda, wilayani Bukombe, mkoani Geita, walipoteza maisha kwa radi. Kule Uganda, mwezi Juni mwaka 2011, wanafunzi 18 wa Shule ya Msingi Runyanya walikufa kwa radi moja. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya vyombo, tusisahau kwamba uhai wa mtu unatangulia. Kompyuta inanunuliwa.

Yaliyotupata sisi

Tuanze na kisa chetu wenyewe, maana si vizuri kuwafundisha wengine huku tukificha makosa yetu.

Katika moja ya vituo vyetu kulikuwa na kompyuta 5 za mezani, laptopu 1 ya hesabu na swichi ndogo ya mtandao. Alasiri moja ya masika radi ilipiga mti uliokuwa karibu na nguzo ya umeme. Tunamshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Umeme ulikatika, ukarudi ukiwa unawaka na kuzimika, na sisi tukaanza kubonyeza vitufe kimoja baada ya kingine kuona ni ipi imepona. Hilo lilikuwa kosa la kwanza.

Kompyuta tatu hazikuwaka, na nyingine moja iliwaka lakini haikuona mtandao. Ya tano ilikuwa imechomolewa tangu wiki iliyotangulia kwa sababu kibodi yake ilikuwa mbovu, kwa hiyo hatukuihesabu. Laptopu ilikuwa imegoma kuchaji.

Fundi wa kwanza alisimama mlangoni, akanusa, akasema, "Zimeungua zote, nunueni mpya." Tukaanza kuandika barua kwa wafadhili kuomba kompyuta 5. Wakati huohuo maneno mengine yakaanza kupita chini kwa chini. Nyuma ya uzio wa kituo anaishi bibi mmoja mjane, na mwezi uliotangulia alikuwa na mzozo na kituo juu ya mpaka wa shamba. Watu wakaanza kunong'ona kwamba radi ile ilitumwa.

Ndugu zangu, sisi ni watu wa Usukuma. Tunajua maneno ya namna hiyo yalikowapeleka akina mama wazee katika sehemu zetu. Yanaanza kwa mnong'ono na kuishia kwa panga. Mnong'ono ule haukuwa jambo dogo.

Katika kikao cha dharura, mama mtunza hazina wetu, ambaye hajawahi kushika kompyuta, aliinua mkono akauliza: "Kabla hatujawaandikia wafadhili, na kabla hatujamtaja mtu, je, tunajua hiyo radi ilipitia wapi?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Swali hilo ndilo somo letu la leo.

Milango ya radi

Radi haihitaji kupiga paa la ofisi ndipo iharibu. Ikipiga mti au nguzo hata umbali wa mamia ya mita, inasukuma nguvu kubwa kwa ghafla katika waya zote ndefu zilizo karibu. Umeme wetu wa kawaida ni volti 230. Msukumo wa radi unaweza kufika maelfu ya volti kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na muda huo unatosha kuunguza.

Msukumo huo huingia kwa milango michache inayojulikana. Upo waya wa umeme. Upo waya wa simu au kebo ya mtandao. Upo waya wa antena au dishi. Na ipo ardhi yenyewe: radi ikipiga ardhini karibu na jengo, nguvu hupanda kupitia waya wa ethi. Kila chombo kilichounganishwa na mlango mmojawapo kiko hatarini, na kilichounganishwa na milango miwili kiko hatarini mara mbili. Chombo kilichochomolewa kila upande mara nyingi hupona.

Kwa hiyo kuchunguza uharibifu ni kufuata njia, kama mfugaji anavyofuata nyayo za ng'ombe aliyepotea. Tunaanza ukutani na kuingia ndani taratibu.

Hatua za uchunguzi

Hatua ya kwanza ni kungoja. Msiguse chochote hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Zimeni swichi kuu ya jengo. Kama kuna harufu ya kuungua, moshi, au soketi iliyobadilika rangi na kuwa nyeusi, msiwashe tena hadi fundi umeme aangalie nyaya za jengo. Mtu akiwa amepigwa na radi, hana umeme mwilini. Mshikeni, mhudumieni, mpelekeni hospitali haraka.

Hatua ya pili ni kuandika. Katibu achukue karatasi na kuandika kila chombo: kilikuwa wapi, kilikuwa kimechomekwa au la, kilikuwa kimewashwa au la, kilikuwa na kebo ya mtandao au la. Andikeni kabla hamjahamisha kitu. Karatasi hii itamsaidia fundi kuliko maelezo ya watu kumi, na baadaye itakuwa sehemu ya taarifa yenu kwa dayosisi na wafadhili.

Hatua ya tatu ni kukagua vitu vya bei ndogo. Chomoeni vyombo vyote. Umeme ukitulia, jaribuni soketi kwa taa ya mezani. Kisha tazameni plagi: plagi zetu za miguu mitatu bapa zina fyuzi ndani, na fyuzi ikikatika kompyuta haiwaki ingawa haina ugonjwa mwingine. Angalieni pia kebo ya kurefushia, stebilaiza na UPS. Mara nyingi vyombo hivi hufa kwa kuvilinda vile vilivyo nyuma yake. Kwa upande wa laptopu, chaja ndiyo hutangulia kufa. Fundi mwenye mita apime kama chaja inatoa volti zilizoandikwa kwenye kibandiko chake, ambazo kwa laptopu nyingi ni karibu 19. Yetu ilitoa sifuri. Laptopu yenyewe ilikuwa nzima.

Hatua ya nne ni pawasaplai, yaani lile sanduku la chuma ndani ya kompyuta ya mezani linalopokea umeme wa ukutani na kuupunguza. Hii ni kazi ya fundi. Kamati isilifungue kabisa, maana ndani yake kuna sehemu zinazotunza umeme wa mamia ya volti hata baada ya kuchomolewa. Kazi ya kamati ni kuhakikisha fundi anapima kwa mita na kuandika alichokiona. Katika kompyuta nyingi za kawaida, waya wa njano unatakiwa kutoa volti 12, mwekundu volti 5, na wa rangi ya chungwa volti 3.3. Tofauti isizidi asilimia 5 juu au chini. Fundi akisema tu "imekufa" bila kupima, mwombeni apime mbele yenu. Si dharau kwake. Fedha ni za waumini.

Hatua ya tano ni ubao mkuu, ambao mafundi huuita mazabodi, pamoja na vilivyochomekwa juu yake. Fundi aangalie alama za kuungua, hasa karibu na tundu la kebo ya mtandao. Ajaribu kwa pawasaplai nyingine iliyokwisha pimwa na kuonekana nzima. Achomoe kadi zote zisizo za lazima, abakize kipande kimoja cha ramu, ajaribu, kisha aongeze kimoja kimoja. Kompyuta ikiwaka lakini mtandao hausomi, huenda ni tundu la mtandao peke yake lililokufa, na hilo linatibika kwa kadi ndogo ya bei nafuu.

Hatua ya sita ni hadi diski, mahali kumbukumbu zilipo. Hata mazabodi ikifa, diski inaweza kuwa hai. Itolewe, iunganishwe na kompyuta nyingine iliyo nzima kwa kebo maalumu, na kabla ya jambo lolote kumbukumbu zinakiliwe. Kama diski inatoa mlio wa kugongagonga au imeungua, iacheni hivyo hivyo. Kila jaribio linapunguza nafasi ya mtaalamu kuiokoa. Na kompyuta iliyotangazwa kufa isitupwe wala kuuzwa kabla diski yake haijatolewa.

Hatua ya saba ni kungoja tena. Chombo kilichopona kinaweza kuwa kimejeruhiwa ndani na kuanza kuzimikazimika baada ya majuma kadhaa. Kwa mwezi mzima baada ya radi, nakilini kazi kila jioni.

Tulichokikuta

Baada ya swali la mama mtunza hazina tuliita fundi mwingine, mzee mwenye mita na daftari. Alifuata njia. Kompyuta ya pili ilikuwa imekufa pawasaplai tu, ilibadilishwa, ikawaka. Kompyuta ya tatu ilikuwa nyuma ya UPS, na upande wa umeme haikuguswa kabisa, lakini tundu lake la mtandao lilikuwa jeusi. Swichi ya mtandao nayo ilikuwa imeungua matundu. Kompyuta ya tano, ile iliyochomolewa, haikuwa na shida yoyote zaidi ya kibodi.

Fundi akatuuliza, "Ikiwa hii ya tatu ililindwa upande wa umeme, moto wa kwenye tundu la mtandao umetoka wapi?" Tukaanza kuifuata kebo. Ilitoka kwenye swichi, ikapita dirishani, ikaning'inia hewani kuvuka uwanja hadi nyumba ya vijana, ikipita karibu na ule mti uliopigwa. Kebo ile tuliitandaza sisi wenyewe, juu ya miti, ili tusiingie gharama ya kuchimba mtaro. Tena haikuwa na kinga yoyote ya radi. Milango ilikuwa miwili, waya wa umeme na kebo yetu, na huo wa pili tuliufungua kwa mikono yetu.

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, fundi aliisimamisha kebo iliyoungua mbele ya watu na kueleza. Wiki ileile bibi jirani alikuja mwenyewe kuitazama. Aliishika, akaigeuza, akasema kwamba angeulizwa, angetuambia tangu mwanzo kwamba waya ule haukukaa vizuri. Minong'ono ilikwisha. Mzozo wa shamba ulibaki, na baadaye ulisuluhishwa na wazee.

Sasa kosa letu kubwa. Tulisema kompyuta tatu hazikuwaka. Ya pili ilipona. Ya kwanza mazabodi ilikufa, lakini diski yake ilikuwa hai na tukaokoa orodha ya watoto wanaosomeshwa. Ya nne ndiyo inayotuuma. Kabla fundi mzee hajafika, tulichukua pawasaplai ya kompyuta ya kwanza, kwa kuwa feni yake ilizunguka kidogo, tukaifunga katika ya nne ili kujaribu. Tukasikia mlio na kunusa harufu. Fundi alipoipima baadaye, waya wa volti 12 ulikuwa unatoa zaidi ya volti 15. Mazabodi ya nne iliungua na diski yake pia. Ndani ya diski ile mlikuwa na kumbukumbu zote za benki ya nafaka: nani ameweka magunia mangapi, na nani amekopa. Nakala hatukuwa nayo.

Diski ile haikuunguzwa na radi. Tuliiunguza sisi, kwa haraka.

Aliyetuokoa ni mama mtunza hazina. Tulikuwa tumemwambia kwamba tangu kompyuta ije hana haja ya daftari. Hakutusikiliza. Kila gunia lililoingia na kutoka alikuwa ameliandika kwa kalamu, na mwenye mali ametia saini au dole gumba. Tulikaa majuma mawili tukiyaingiza upya. Hakuna mkulima aliyepoteza gunia lake. Lakini fikirini kama daftari lile lisingekuwepo: kila mmoja angekuja na hesabu yake, na imani ya watu kwa benki ingeungua pamoja na diski.

Tunachowaomba mfanye

Kwa kamati za sharika tunaomba mambo matano.

Kwanza, mteueni mtu mmoja wa kuchomoa vyombo. Achomoe plagi ya umeme na kebo ya mtandao pia, kila jioni wakati wa masika na mawingu yanapoanza kukusanyika. Ukiona mwanga kisha ukahesabu sekunde 3 kabla ya ngurumo, radi iko umbali wa kama kilomita moja. Ikiwa hesabu haifiki 30, muda wa kuchomoa umekwisha kupita. Mtu asishike waya wowote, abaki ndani mbali na nyaya na mabomba.

Pili, fundi umeme aliyesajiliwa apime ethi ya jengo. Stebilaiza na vizuia-msukumo hutegemea ethi nzuri, na hata hivyo haviwezi kuhimili radi inayopiga moja kwa moja. Kuchomoa bado ndiyo kinga ya uhakika zaidi.

Tatu, kebo isipite hewani kati ya jengo na jengo. Mahali inapolazimu, ombeni ushauri wa fundi kwanza.

Nne, nakala. Kila Ijumaa kumbukumbu zinakiliwe kwenye flashi mbili. Moja ikae nje ya ofisi, nyumbani kwa mjumbe aliyechaguliwa na kamati. Na daftari la mkono lisiachwe.

Tano, radi ikipiga, kikao kianze na swali la mama yetu. Asitajwe jirani wala mtu yeyote.

Kwa marafiki zetu wafadhili, tunasema hivi. Barua ya kuomba kompyuta 5 hatukuituma. Badala yake tuliomba pawasaplai, kadi ya mtandao, chaja, swichi mpya, kompyuta 2, na msaada wa kuweka ethi nzuri. Katika barua hiyo tulieleza pia kwamba moja ya kompyuta hizo 2 tuliiharibu wenyewe. Baadhi ya wenzetu waliogopa kwamba ukweli huo ungetupunguzia imani. Tuliona ni afadhali imani ipungue kwa ukweli kuliko isimame juu ya maneno ya fundi aliyenusa mlangoni. Tunawaomba mnapotupatia kompyuta mtufikirie na fedha kidogo ya ethi na ya nakala. Bila hivyo zawadi yenu inangoja masika tu.

Mawingu ya alasiri ya leo mnayaona upande wa ziwa. Tukimaliza chakula, kila mmoja afike ofisini kwake mapema. Mwenye zamu ya kuchomoa anajijua.